Ndimu za Mlangoni

Isihaka alipofungua duka asubuhi ile alikuta gunia la pilipili limelowa. Mvua haikunyesha usiku na paa halikuvuja. Alitia mkono ndani. Pilipili za juu zilikuwa zimetafunwa, lakini si kama panya anavyotafuna, anayeacha vipande na makombo. Hizi zilikuwa zimebanwa kwa meno mapana, zikanyonywa mpaka zikabaki maganda, kisha zikarudishwa mahali pake. Alinusa vidole vyake. Vilinuka mate.

"Tajiri, umeanza kula bidhaa mwenyewe?" Dionis, fundi cherehani, aliuliza kutoka barazani, ambako alikuwa akitia uzi kwenye sindano. "Mwachie shemeji na wateja kidogo."

"Panya," Isihaka alisema.

"Panya wa Kasulu hali pilipili. Huyo atakuwa wa kwenu Ujiji."

Isihaka alicheka, akamwaga zile zilizolowa uani, akaendelea na kazi.

Duka lilikuwa la Jamnadas, Mhindi aliyeuza viungo Kasulu tangu ujana wake. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Wahindi walipokuwa wakiondoka familia moja baada ya nyingine, naye alimwuzia Isihaka akaenda kwa wanawe ng'ambo. Watu walidhani Isihaka ataweka kanga, sabuni na mafuta ya taa, kama wenzake. Vitu hivyo aliviweka, lakini hakuacha bidhaa za Kihindi: dengu, uwatu, bizari nyembamba, giligilani, haradali, papadi, samli ya kopo. Familia chache zilizobaki huko juu milimani hazikuwa na pengine pa kununua. Wanawake walikuja na malori kutoka Kibondo, wakiwa na vikapu na vumbi la njia nzima. Hawakununua kwa macho. Walichukua giligilani kiganjani, wakaisugua kwa kidole gumba, wakanusa. Bizari waliing'ata punje moja kwa meno ya mbele, na kama haikuwaridhisha waliitema barazani bila kuona haya. Kuruthumu, mke wa Isihaka, aliwapenda kwa sababu hiyo hiyo. Yeye pia hakununua samaki bila kumfunua mashavu.

Siku ya kukabidhi funguo, Jamnadas alimwonyesha Isihaka uzi uliotundikwa juu ya mlango, wenye ndimu moja na pilipili mbichi.

"Kila Jumamosi weka mpya," alisema. "Ya zamani katupe njia panda. Usiingize ndani."

"Ni ya nini?"

"Ndiyo desturi ya duka hili."

Isihaka alikuwa mtu wa msikitini na jambo lile lilimtia aibu. Lakini alikuwa pia mfanyabiashara, na duka lile lilikuwa limefanya kazi miaka mingi bila mkosi. Akaendelea kutundika. Mkewe alipouliza, alimjibu kwamba ni pambo tu, Wahindi wanalipenda. Miezi ya kwanza alitupa za zamani mwenyewe. Baadaye, biashara ilipochanganya, alianza kumpa Kuruthumu. "Nitupie hii njia panda."

Kuruthumu aliiangalia ile ndimu mkononi. Kasulu ndimu haioti vizuri kwa ajili ya baridi. Huja na lori kutoka ziwani, na wakati mwingine lori haliji. Ile ilikuwa imenyauka kidogo tu, na kwa achari ndimu iliyonyauka ndiyo nzuri. Kwao hakufundishwa kutupa chakula. Akaikata, akaitia chumvi, akaichanganya na zile pilipili, uwatu na mafuta ya haradali, akaiweka kwenye chupa dirishani ipate jua. Jumamosi iliyofuata akaongeza. Hakumwambia mumewe, kwa kuwa hakuona kuna la kuambiana.

Achari ile ilipata sifa. Isihaka hakuila, tumbo lake halikuelewana na ukali. Dionis aliila kila mchana na muhogo wa kuchemsha, akilamba vidole na kusema kwamba shemeji akifiwa, yeye yuko tayari kumrithi. "Nenda zako huko, mtu hata suruali yake mwenyewe haijaisha kushonwa," Kuruthumu alimjibu, akamwongezea.

Baada ya gunia kulowa, ukwaju ulianza kupungua. Kisha siki. Kisha mchana mmoja, ukungu uliposhuka mpaka barabara isionekane, Kuruthumu alisikia mtu anatafuna nyuma ya rafu ya chai. Alitafuna polepole, mdomo wazi, kama mzee asiye na haraka. Kuruthumu alizunguka rafu. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na harufu ya siki iliyochacha na pumzi ya moto, na ile pumzi ilimpiga usoni, karibu kabisa, mahali ambapo uso wa mtu mwingine ungekuwa.

"Umesikia?" alimnong'oneza Dionis.

"Nimesikia tangu juzi," Dionis alisema chini chini, bila kuinua macho kwenye cherehani. "Nilidhani ni wewe."

Ijumaa Isihaka alikwenda msikitini. Kuruthumu alikuwa uani akichambua choroko, akamwomba Dionis amshushie kopo la samli kutoka rafu ya juu. Alimsikia akiingia dukani, akamsikia bado anapiga mluzi, kisha mluzi ukakatika katikati, na ukafuata kishindo, na kingine, na kingine, kama mtu anayepigisha gunia chini ili lijae vizuri. Alikimbia. Dionis alikuwa amepinduliwa kichwa chini, miguu inapiga hewa, uso wake umezamishwa kwenye gunia la pilipili mpaka masikioni, na hapakuwa na mtu aliyemshika; shati lake tu lilikuwa limekunjamana shingoni kwa alama za vidole. Aliinuliwa, akazamishwa tena. Kuruthumu alimkumbatia kiunoni akavuta kwa nguvu zote mpaka wote wawili wakaanguka sakafuni, na hapo akaona kwamba kinywa cha Dionis kimetanuliwa kupita kiasi, pembe za midomo zimechanika, na koo lake linapanda na kushuka kana kwamba kuna mkono umeingia mpaka kifuani unatafuta kitu. Alitapika muhogo, damu, na maganda ya ndimu. Maganda yale hayakufika chini. Yalipotea hewani, mbele ya macho ya Kuruthumu, na ikasikika sauti ya kutafuna.

Dionis alipoteza jicho la kushoto. Ndugu zake walipokuja kumchukua kwenda kijijini kwao Nyakitonto, alimshika Isihaka mkono.

"Alikuwa anatafuta nilichokula," alisema. Sauti ilikuwa imeharibika. "Hakunichukia, tajiri. Alikuwa na njaa tu."

Isihaka alifunga duka. Alimtuma dereva wa lori Ujiji amwite Maalimu Abbasi, aliyejulikana kwa kutoa majini kwa kisomo. Lakini lori lilikwenda na kukawia, na katika siku hizo yule kiumbe aliingia kwa Kuruthumu.

Ilianza mezani. Alisema wali hauna ladha, akatia pilipili, akasema bado, akatia nyingine, kisha akaacha wali akala pilipili kavu kwa konzi, akitafuna mdomo wazi, machozi yakimtiririka na uso ukiwa umetulia kabisa. Isihaka alipomshika mkono alishtuka jinsi ulivyokuwa wa moto. Alijaribu kumfungua vidole. Kuruthumu, aliyekuwa mwanamke mwembamba, ambaye kila jioni alimwomba mumewe amfungulie kifuniko cha kopo, alinyoosha mkono mwingine kwenye mizani, akachukua jiwe la kupimia, akampiga nalo begani, mfupa ukavunjika kwa sauti ambayo wote wawili waliisikia; akampiga tena mbavuni; na alipokuwa amelala chini, alimkalia kifuani akaanza kumnusa kinywa, taratibu, upande huu na upande ule, kisha akainuka na kumwacha, kwa sababu hakukuta anachokitaka.

Alipata fahamu magharibi. Ulimi wake ulikuwa umevimba na ngozi ya midomo imetoka.

"Nimekufanya nini?" aliuliza.

"Nimeanguka."

"Usinidanganye, baba Asia." Asia alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyekuwa kwa bibi yake Ujiji. "Nifunge. Nifunge na kamba za magunia. Na usiniache peke yangu naye."

Alimfunga, akakaa naye.

Bi Savita alifika katikati ya hali hiyo. Alikuwa mke wa daktari wa Kihindi wa Kibondo, amezaliwa Tabora na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora. Alikuja na gari la daktari kununua dengu na giligilani. Alipokuta duka limefungwa, alizunguka mpaka uani, akabisha hodi. Isihaka alimwomba radhi, akasema mkewe anaumwa. Bi Savita alichungulia ndani, akamwona Kuruthumu kitandani na kamba zake. Kisha akaona chupa dirishani.

"Achari hii ameitengeneza nani?"

"Mimi," Kuruthumu alisema kwa shida. "Karibu. Onja."

"Ndimu ulinunua wapi?"

Kuruthumu alimwangalia mumewe, kama mtoto aliyekamatwa. "Zile za mlangoni. Alikuwa anazitupa. Nzima nzima, bi. Niliona uchungu."

Bi Savita alikaa chini. Hakuomba kiti, alikaa sakafuni na sari yake nzuri.

"Kaka Isihaka, Jamnadas alikwambia nini?"

"Nisiziingize ndani."

"Na wewe ulimwambia nini mkeo?"

"Kwamba ni pambo tu."

"Duka lina mtu wake," Bi Savita alisema. "Anapenda kitu kichachu na kikali. Ukimwekea mlangoni, anakula hapo hapo, anashiba, anakwenda zake, haingii. Ile ya zamani ameila nusu. Nusu yake mmeikata, mmeitia chumvi, mmeila. Amekuja kumalizia chakula chake. Na mpishi ni huyu."

"Atoke vipi?"

"Humu ndani asipate tena hata tone. Pilipili, siki, ukwaju, vyote vitoke. Kisha mtu amlishe nje, na awe mtu anayejua anachofanya, kwa sababu yule aliyemzoea binadamu hatafuata tena uzi wa mlangoni. Atamfuata aliyemlisha." Alisimama, akashika kizingiti. "Na huyo asirudi ndani."

"Kwa muda gani?"

Bi Savita alimtazama mgonjwa, kisha akamtazama yeye. "Bibi yangu hakuniambia muda," alisema.

Alipoondoka, Isihaka alianza kutoa magunia kwa mkono mmoja. Hakuwa amemaliza pale Maalimu Abbasi aliposhuka kwenye lori, mtu mnene, mchangamfu, mwenye mfuko wa ngozi begani.

"Huyu wa namna gani?" Maalimu aliuliza. "Kaingia kwa njia ipi?"

Ilikuwa nafasi ya kusema. Isihaka aliiona kuwa ni nafasi. Lakini mbele yake alisimama mtu aliyemfundisha Kurani utotoni, na kumwambia kwamba mwanafunzi wake ametundika ndimu juu ya mlango kila Jumamosi kwa ajili ya kiumbe cha Wahindi kulikuwa kugumu kuliko kubeba magunia kwa bega lililovunjika.

"Sijui, maalimu. Kaingia tu."

"Basi wa kawaida. Nimewatoa wakaidi kuliko huyu. Endelea na kazi yako, niachie mimi."

Isihaka alirudi kwenye magunia. Mvua ilikuwa imeanza. Alisikia kisomo kikianza ndani, kizuri, chenye pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi moyo wake ulitulia. Alikuwa anaburuta pipa la ukwaju kuelekea barabarani alipoanza kukohoa. Moshi ulikuwa unatoka dirishani, mwekundu kidogo, na ulimkata koo. Ndipo alipokumbuka kile ambacho kila mwalimu wa pwani na wa Ujiji hutia kwenye chetezo jini anapokataa kutoka: konzi ya pilipili kavu, ili ashindwe kupumua.

Alikimbia akipiga kelele, "Maalimu, usichome!" lakini kisomo kilikuwa kimekwisha nyamaza, na alipoingia alikuta chumba kimejaa moshi mpaka kwenye dari, na ndani ya moshi ule kamba za magunia zimekatika kama nyuzi, na Kuruthumu amesimama juu ya kitanda, kinywa wazi, akivuta moshi ndani, akiuvuta bila kutoa pumzi, tumbo limejaa na shingo imejaa, na Maalimu Abbasi yuko chini ya miguu yake akijaribu kutambaa, taya lake limeng'olewa upande mmoja na kuning'inia, mikono yake imeungua kwa makaa aliyomwagiwa, na bado mkono mmoja umeshika mfuko wa ngozi, na Kuruthumu akauona mfuko ule, akaruka chini, akamkanyaga mkono mpaka ukaachia, akaumwaga mfuko sakafuni, akaokota pilipili moja moja pamoja na makaa yaliyo hai, akatia vyote kinywani, na nyama ya midomo yake ikaungua, na akacheka kwa sauti mbili, moja ya yule anayekula na moja, ndogo, nyuma yake, iliyokuwa ikilia jina la mumewe.

Isihaka aliisikia ile ndogo.

Alichukua chupa ya achari dirishani, akaipiga kwenye ukuta ikavunjika mdomo, akazamisha mkono wake mzima ndani, akaupaka mpaka kwenye kiwiko, na vioo vikamkata na damu ikachanganyika na mafuta. Alirudi nyuma mpaka mlangoni. Akavuka kizingiti. Akasimama kwenye mvua, akaunyoosha mkono.

"Chakula chako hiki hapa," alisema. "Njoo ule."

Kuruthumu aligeuza kichwa. Alinusa. Kisha alianguka wima, kama nguo inayotoka kwenye msumari, na kitu kikampita Isihaka usoni, cha moto, kinachonuka siki, kikaukamata mkono wake. Aliona vidole vyake vikibonyea. Aliona kidole cha mwisho kikitoka, na hakuona kilikokwenda. Hakuvuta mkono. Kwa ule mwingine, wenye bega lililovunjika, alishika mlango akaufunga.

"Kuruthumu! Amka! Tia komeo!"

Ndani kulikuwa kimya. Kisha kukasikika mtu anajiburuta.

"Baba Asia?"

"Tia komeo. Upesi."

"Wewe uko nje."

"Ndiyo. Tia."

Komeo liliingia. Isihaka aliegemea mbao, akahema.

"Sikiliza," alisema. "Nilijua hazitakiwi ndani, sikukwambia. Sasa nakwambia. Usifungue. Hata nikikuomba mimi mwenyewe. Hata nikilia. Watu wakija kumchukua Maalimu asubuhi, toka nao, panda lori, nenda kwa Asia. Usinijibu nikikuita. Umenisikia?"

"Mvua inakunyeshea," Kuruthumu alisema.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nyayo za Isihaka zilishuka barazani, zikaingia kwenye matope ya njia ya Kibondo, zikapotea. Kuruthumu alimfunika Maalimu kanga, akamlaza kwa ubavu apate kupumua. Halafu akarudi mlangoni akakaa chini, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kukaa ambapo angekuwa karibu naye.

Mvua ilikuwa bado inanyesha nyayo ziliporudi.

"Kuruthumu."

Ilikuwa sauti yake. Haikuwa ya kuigiza. Hata jinsi alivyolivuta jina lake mwishoni, kama watu wa mtaa wao, ilikuwa ile ile.

"Mke wangu, nina njaa."

Kuruthumu alitia pembe ya kanga yake ya begani kinywani akaing'ata, na ngozi iliyoungua ikapasuka.

"Nipe kidogo tu. Chumvi hata. Huna haja ya kufungua wote, pitishia chini. Kuruthumu, mkono wangu umekwisha. Ameumaliza. Unakumbuka ulipojifungua Asia nikakaa nje ya mlango usiku kucha, ukaniita nikaingia, wakunga wakanitukana? Niliingia ulipoita. Sasa nakuita mimi."

Mkono wa Kuruthumu ulikuwa umekwisha kufika kwenye komeo. Hakujua ulifika saa ngapi. Chuma kilikuwa baridi, na upande wa pili mlango ulianza kugongwa, kwanza kwa kiganja, kisha kwa kitu kizito kilichorudi nyuma na kuja, kikarudi nyuma na kuja, na kati ya pigo na pigo sauti ile ilikuwa inalia, ikiomba radhi kwa kugonga, ikisema si yeye, ikisema ni yeye, ikimwomba asifungue na ikimwomba afungue, mpaka damu ikapenya chini ya mlango, nyembamba, ikamfikia gotini.

Aliutoa mkono kwenye komeo. Alijigeuza, akauegemeza mgongo wake mlangoni, akakaza miguu sakafuni.

Mapigo yakakoma. Akamsikia akishuka chini taratibu, akikaa, akiegemea upande wake. Mbao zikaanza kupata joto, usawa wa mabega yake, na likaingia mgongoni mwake kupitia gauni lililolowa jasho. Kuruthumu alifumba macho akalipokea lile joto. Hakujibu, wala hakufungua.